Shokomzoba za Mbele

Miezi saba gari lilitugongea mlango.
Ngo. Ngo-ngo. Kila tuta, kila shimo,
kutoka Shinyalu hadi Kakamega mjini,
kama mgeni asiyejua kwamba pako wazi.
Makokha akaongeza sauti ya redio,
redio ikaongeza matangazo ya vifo,
na mimi, trei za mayai mapajani,
nikawa karani wa hasara:
Jumatatu manne, Alhamisi sita,
siku ile ya daraja, kumi na moja.
Yai halipasuki kwa siri. Linanuka hadi Jumapili,
na Jumapili gari ni hilohilo la kanisani.

"Ni barabara," alisema Makokha.
"Ni gari," nilisema.
Tukaendelea hivyo, kila mtu na ushahidi wake,
hadi Nasambu, miaka mitano, kiti cha nyuma,
akaacha nyimbo za shule
akaanza kuimba ngo.

Gereji ya Shitanda, pale Amalemba, haina ukuta.
Ina mabati manne, kontena, na kuku mmoja mwenye oili miguuni.
Hakufungua hata boneti.
Aliweka viganja juu ya taa ya kulia, akaegemea, akaachia.
Gari likainuka, likatulia.
Akazunguka kushoto, akaegemea, akaachia:
likacheza, likacheza, likacheza,
kama kichwa cha mlevi anayekubali kila kitu.
"Mama Nasambu, huyu alikufa zamani."

Jeki. Mawe mawili nyuma ya magurudumu.
Bolti za chini zilikuwa zimefunga ndoa na kutu.
Akazimwagia mafuta ya breki, tukanywa chai,
akazirudia kwa spana iliyorefushwa kwa bomba
na kwa jina la mama yake.
Ikatoka: nyeusi, inavuja,
vumbi limeshika mafuta hadi likaota manyoya.

Makokha alikuja na bei yake kichwani.
"Badilisha hiyo moja tu. Iliyokufa."
Pesa zilikuwa za mbolea, mifuko miwili,
na mahindi hayangoji fundi.
Shitanda hakubishana. Alikwenda upande wa kulia,
upande tuliouita mzima,
akafungua, akaibana spring kwa vibanio viwili,
robo huku, robo kule, akitufukuza kwa kiwiko:
"Rudini nyuma. Spring haina ugomvi na mtu,
lakini ukiifungulia kwa pupa haikuulizi jina."
Makokha alirudi nyuma kuliko kuku.

Kisha akaisimamisha shokomzoba ya kulia juu ya tairi kuukuu,
akaisukuma chini kwa kiganja.
Ikazama. Ikafikiri. Ikapanda nusu, ikaishia hapo.
"Hii imebeba mzigo wa mwenzake mwaka mzima," alisema.
"Ilinyamaza tu."

Makokha aliitazama kwa muda mrefu.
Akanitazama mimi, kwa muda mfupi zaidi.
Akatoa pesa za mbolea, akazihesabu mara mbili,
mara ya pili polepole, kama anayeziaga.

Mvua ya saa tisa ilitukuta kwenye nati ya mwisho.
Nilimshikia Shitanda mwavuli;
mimi nikalowa, nati ikakauka.

Alhamisi, mayai tisini.
Najua tuta la shule kuliko ninavyojua uso wa mwalimu mkuu.
Nikakaza magoti, nikakaza meno, nikazikumbatia trei.
Gari likainama, likainuka mara moja, basi,
kama mtu aliyeitika salamu bila kusimama.

Redio ilikuwa ikipiga kelele peke yake.
Makokha akaipunguza.
Nasambu akauliza, "Gari limenuna?"
Hakuna aliyemjibu. Tulikuwa tukisikiliza
majani ya miwa yakigusa dirisha,
kitu ambacho, kumbe, yamekuwa yakifanya siku zote.

Sokoni nikahesabu: themanini na tisa.
Moja lilikuwa na ufa,
nao ufa una upana wa kidole gumba changu.